Mjomba Hapigwi

Makutano, Jumanne jioni

Basi, hairudi. Leo hapa saiba ninapofanya kazi nimesoma kwenye mtandao kwamba Wajapani waliotengeneza ile gemu yetu ya zamani ya mashujaa hawataki kuileta kwenye kompyuta. Eti wanunuzi watakuwa wachache. Nimekasirika hata nikamkaripia mteja aliyetaka tu kuchapisha CV yake.

CD yetu, ya kuchezea kwenye TV, ilikuwa ya Kijapani tupu. Marehemu kaka yangu, Mutwiri, ndiye aliyekuwa akinisomea kwa Kimeru: yule mwenye pembe ni mjomba wa shujaa, amemlaani, na kwetu laana ya mjomba haichezewi. Nilikuwa na miaka minane. Niliamini anajua Kijapani.

“Tumpige?” niliuliza.

“Mjomba hapigwi! Mpe dawa, akubariki.”

Tukampa chupa zote za dawa. Akapona, akatuua. Likizo nzima ikawa hivyo hivyo, hatukuvuka hapo.

Nilingoja irudi nimalize peke yangu, kwa lugha ninayoelewa. Lakini nikisoma maneno yenyewe, huenda yule hakuwa mjomba wa mtu. Na Mutwiri hayupo nimuulize.

Labda ni afadhali. Najijua. Hata wakiileta kesho, nitafika kwa yule mwenye pembe na nitampa dawa.