Maikrofoni Niliyoisogeza Wakati wa Maombi

Mpendwa mshauri,

Jumapili iliyopita, tarehe 5 Mei, Helen anayeongoza kwaya yetu hapa Lodwar alitangaza kwamba siku ya Pentekoste gitaa la solo atapiga Manyok wa kambini Kakuma, na mimi niliyelipiga miaka sita nitapiga ridhim, gitaa la kusindikiza tu, nikauliza kwa nini mbele ya watu wote, akanijibu, "Ereng ndugu yangu, lako linatoboa masikio," watu wakacheka, na nilipofika nyumbani mke wangu Akai akamalizia, "Baba Epuyo, la yule kijana hata mbuzi walinyamaza kulisikiliza."

Naomba unisaidie kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu, tulipokwenda Kakuma kwa ibada ya pamoja uwanjani tarehe 28 Aprili nilimsikia Manyok akijaribu gitaa na wivu ukanikaba, yeye ana ampu yake, kikuza sauti cha gitaa chenye spika, iliyowekewa maikrofoni mbele, mimi ampu yangu huiacha nyumbani nikachomeka waya moja kwa moja kwenye mixa, meza ya fundi wa sauti, basi watu walipofumba macho kuomba niliinama nikaisogeza maikrofoni yake kutoka katikati ya spika ya ampu mpaka ukingoni ili sauti yake ife, fundi akaongeza sauti kidogo, na gitaa likatoka tamu kuliko mwanzo, akina mama wakapiga vigelegele, na sasa kila tukikutana mazoezini anaponisalimia "ejok, ndugu" nashindwa kumtazama, mazoezi ya mwisho ni huko Kakuma Jumamosi tarehe 18, je, nihame kwaya?

Ereng, Lodwar

Ereng,

Nilimpigia simu Barasa, fundi wa mitambo ya sauti mjini kwenu. Alicheka kwanza. "Katikati ya spika ndiko ukali unakotoka," alisema. "Ukingoni sauti inakuwa nene. Spika kubwa za uwanjani huuzidisha ule ukali. Huyo jamaa alimsaidia mwenzake."

Kwa hiyo aliyempa Manyok solo ni wewe, tena wakati ulipotakiwa kuwa unaomba.

Pole kwa kuchekwa. Miaka sita si kidogo, na Helen angeweza kukuita pembeni. Lakini alisema kweli. Unapanga sauti ya gitaa sebuleni, kwenye ampu, halafu uwanjani unapiga bila ampu hiyo na kutarajia sauti ileile. Ukihama kwaya, huko nako utachomeka vilevile.

Sasa sikiliza. Manyok hajui kwa nini alisikika vizuri siku ile. Ataiweka maikrofoni katikati kama alivyozoea, na siku ya Pentekoste atatoboa masikio kama wewe. Najua wazo lililokujia uliposoma hapo: ukae kimya, solo irudi. Usithubutu. Umeshajaribu kumwibia mara moja ukashindwa.

Jumamosi tarehe 18 Mei panda gari la asubuhi kwenda Kakuma na ubebe ampu yako, nayo iwekewe maikrofoni. Mazoezi yakiwa saa tisa alasiri, wewe uwe umefika saa nane. Mwambie Manyok ulichofanya kabla Helen hajaingia, kisha isogeze tena maikrofoni ile ukingoni, safari hii yeye akiwa anatazama.