Elifuraha Aliteleza

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kuuma masikio. Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi, ukungu umeteremka mpaka kwenye migomba ya Sekei hapa Arusha na watu wanatembea na makoti kama vile tuko Ulaya.

Nimetoka kanisani moja kwa moja mpaka hapa kwenye kafe ya intaneti. Viatu vyangu vina udongo wa kule juu mlimani, na dada wa kaunta ameviangalia.

Huwa naandika kwenye ukurasa huu wa mtandaoni kusifia mahali. Leo naandika kwa sababu nina aibu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtembeza wageni. Zamani nilikuwa karani wa kupiga chapa katika shirika la umma. Shirika lilipouzwa, sisi wa chini tulipunguzwa kwa barua ya mistari minne. Nilibaki na Kiingereza changu cha ofisini na miguu yangu. Wakati huo kila mtu Arusha mwenye gari alikuwa anafungua kampuni ya utalii, na mmoja wao alinichukua nitembeze wageni wenye nusu siku ya kupoteza kabla ndege yao haijaondoka.

Nusu siku haikufikishi Ngorongoro. Nikawa nawapeleka kwenye maporomoko.

Sitataja kijiji. Lakini niamini nikisema kwamba watu wanapita Arusha kila mwaka na kuondoka bila kujua kuna kitu kama kile. Unashuka bondeni kwa kushika mizizi, unavua viatu, unatembea ndani ya mto wenyewe, maji ya baridi yanakutia ganzi mpaka magotini. Kuta mbili za mwamba zinasogeleana, juu inabaki mbingu nyembamba kama utepe. Kuta zote zimeota kangaga, zinatiririka matone. Halafu unakata kona ya mwisho, na maji yanaanguka mbele yako kutoka juu kabisa, meupe, na upepo wake unakulowesha kabla hujayafikia.

Mara ya kwanza nilipoyaona nililia. Hiyo ni kweli. Nilipaswa kuishia hapo.

Wageni wangu wa kwanza walikaa dakika kumi. Walipiga picha, wakatetemeka, wakaniuliza mahali hapa pana hadithi gani. Sikuwa na hadithi. Mimi ni Mchaga wa Rombo, habari za bonde lile ningezijulia wapi? Nilikumbuka tu kwamba mama muuza chai pale barabarani aliwahi kusema kuna msichana alifia kwenye maji yale. Sikumuuliza zaidi.

Nikatunga.

Nikasema kulikuwa na msichana wa Kimeru aliyempenda kijana wa Kimaasai. Baba akakataa. Msichana alikuwa na mimba. Akapanda juu ya mwamba akajirusha, na maji meupe mnayoyaona ni shela ya harusi ambayo hakuivaa. Mgeni mmoja alinikumbatia huku analia. Tangu siku hiyo wageni walikaa saa nzima pale bondeni, na bosi wangu akasema nina kipaji.

Miaka mitatu nimeisema hadithi hiyo. Kila nikiirudia nilimwongezea kitu: macho, sauti, wimbo aliouimba kabla ya kuruka. Sikuwahi kumpa jina. Labda nilijua kwamba nikimpa jina atakuwa mtu.

Alhamisi nilikuwa na mgeni mmoja tu, mama wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Tulikuwa na Lazaro, katibu wa kikundi cha utalii cha kijiji, ambaye huongozana nasi kwa sababu njia inateleza. Niliisema hadithi yangu pale chini kwenye maji. Yule mama aliandika kurasa mbili.

Tulipopanda kutoka bondeni tulimkuta mwanamke mzee ameketi ukingoni mwa njia, mzigo wa majani ya ng'ombe uko pembeni yake, mundu mapajani. Nimempita pale mara nyingi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi, naendelea.

Safari hii mgeni wangu alisimama. Akaniambia, mwulize huyu mama kama anaijua habari ya yule msichana.

Ningeweza kusema mama hajui Kiswahili. Ningeweza kusema tunachelewa. Nikauliza, kwa sababu nilikuwa na uhakika atasema hapana.

"Mama, mgeni anauliza kama unamjua msichana aliyefia kwenye maji haya."

Alinitazama mimi. Wala hakumtazama mgeni.

"Namjua," akasema. "Ni mwanangu. Anaitwa Elifuraha. Alikuwa anakata majani hapo juu kwenye jiwe, mvua za mwezi wa nne, akateleza. Mwambie hivyo. Aliteleza."

Mgeni akawa ananisubiri, kalamu iko juu ya daftari.

Nimejiuliza tangu siku ile ni kitu gani kilichonipata. Haikuwa hofu ya bosi. Ilikuwa kwamba yule mama wa Kijerumani alikuwa ameniamini kwa asubuhi nzima, na nilitaka aendelee kuniamini kwa dakika tano zaidi mpaka tufike kwenye gari.

Nikamwambia kwa Kiingereza: anasema ndiyo, hadithi ni ya kweli, wazee wao waliwasimulia.

Mgeni akaweka mkono kifuani. Akainama akamshika mzee mikono yote miwili, akasema ahsante kwa Kiswahili chake cha hotelini, macho yamejaa machozi.

"Umemwambia aliteleza?" mzee akaniuliza.

"Nimemwambia, mama."

Katika dakika moja niliwadanganya wanawake wawili walioshikana mikono.

Tulipofika kwenye gari, mgeni alipokuwa anabadilisha viatu, Lazaro alinivuta pembeni. Lazaro amemaliza kidato cha nne. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu.

"Dada, nimesikia ulivyotafsiri," akasema.



Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Aliniambia kwamba hadithi yangu imepanda mlima. Vijana wanaojifunza Kiingereza kwa kufuatana na wageni waliisikia, wakaipeleka nyumbani, na huko ikageuka kuwa habari. Sasa kina mama wa kanisa wanasema kwamba kumbe yule binti alikuwa na mimba, kumbe alijiua, na mchungaji wa wakati ule alidanganywa akamzika kwa ibada. Mama Elifuraha ndiye aliyekuwa akiandaa meza ya Bwana kanisani. Alikwishaacha. Hakuna aliyemwondoa, ila walikuwa wananyamaza kila akiingia.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Fedha za wageni wako ndizo zilizoezeka darasa la watoto," akasema. "Mimi pia nina kosa."

Ijumaa nilimsindikiza yule mama wa Kijerumani uwanja wa ndege. Alinipa bakshishi na anwani yake ya barua pepe. Njia nzima aliongea habari za Elifuraha bila kujua jina lake. Nilikuwa na saa nzima ya kusema. Nilimwonyesha mashamba ya kahawa.

Jana nilipanda peke yangu, bila gari la ofisi. Nyumba ya Mama Elifuraha ni ya mbao, ina bati jipya upande mmoja. Nilimkuta anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kwa mguu bila kuacha panga.

Nilisema yote. Nilianza na shela ya harusi nikaishia na daftari la mgeni. Habari ya mimba niliimalizia nikiwa naangalia ng'ombe.

Aliendelea kukata mpaka mgomba ukaisha.

Halafu akaniambia jinsi ilivyokuwa. Elifuraha alikuwa na miaka kumi na sita. Majani mazuri kuliko yote huota pale jiwe linapopata mvuke wa maji, na ng'ombe wao alikuwa amezaa juzi yake, kwa hiyo akaenda kule ili maziwa yaongezeke. Mdogo wake alikuwa chini anafunga mzigo. Alimsikia dada yake anacheka kwamba jiwe linateleza kama sabuni. Hilo ndilo neno lake la mwisho, sabuni. Mundu waliukuta umebaki juu.

"Hakuwa na mchumba," akasema. "Alikuwa anaogopa hata kuongozwa kwenye kwaya na mwalimu wa kiume. Wewe umempa mwanaume na mtoto."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nilidhani ndicho kitu cha kufanya.

"Inuka, unachafua nguo," akasema. "Mimi unaniomba nini? Mimi najua alivyokufa. Nenda ukawaambie wasiojua."

"Wageni, mama?"

"Wageni wanaenda kwao. Mimi naishi na hawa." Akaonyesha kwa panga upande wa kanisa.

Nilirudi mjini kwa miguu nusu ya njia. Nilijitungia sababu za kutokwenda, na nina kipaji cha kutunga, bosi wangu ni shahidi. Kwamba mimi ni Mkatoliki, na wao ni Walutheri. Kwamba nitamwongezea aibu. Kwamba kikundi cha kijiji kitakosa wageni. Zote zilikuwa nzuri.

Leo alfajiri nikapanda.

Lazaro alikuwa ameshaongea na mwinjilisti. Baada ya matangazo ya ndoa na ya mchango wa vyombo vya kwaya, mwinjilisti akasema kuna mgeni ana neno fupi. Nikaenda mbele. Kwa mazoea nikapiga ishara ya msalaba, na nikasikia mtu anakohoa.

Nikasema Bwana Yesu asifiwe. Wakaitikia amina.

Sijui nilisema kwa dakika ngapi. Nilisema mimi ndiye ninayeleta wageni kwenye maporomoko. Nilisema hadithi inayosemwa juu ya marehemu Elifuraha imetoka kwangu. Nilisema kulikuwa na makosa katika kutafsiri, na kwamba ukweli ni kuwa binti aliteleza akikata majani, na hakuwa na mimba, na hakujirusha. Nikaomba radhi kwa familia na kwa washarika. Nikakaa.

Wimbo wa sadaka ukaanza, na kila mtu akasimama kama vile hakuna lililotokea.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada nje, kama kawaida yao: mayai, miwa, kuku, vitu ambavyo watu wametoa badala ya fedha. Ukaletwa mkungu wa ndizi. Nikataja bei ya chini kabisa ili nionekane ninashiriki. Hapo watu hushindana kwa kucheka, mmoja anapandisha, mwingine anapandisha. Hakuna aliyepandisha. Kina mama waliokuwa wanacheka kwenye kuku wote walikuwa wanaangalia mkungu wangu. Dalali akahesabu polepole, akinionea huruma, na ukawa wangu.

Nilikuwa nimesimama nao pale, mzito, sijui niushikeje, Mama Elifuraha alipokuja. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu na kofia ya sufu. Nilidhani atanishukuru. Naandika hili ili nisijisahau: nilidhani atanishukuru.

"Umeongea haraka," akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

"Mama?"

"Na umesema makosa ya kutafsiri. Nilikuwa nakusikiliza. Makosa ya kutafsiri ni nini? Mimi nilisema aliteleza. Hilo ni neno gumu?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi Jumapili ijayo urudie." Akaushika mkungu upande wa pili, tukaubeba mpaka barabarani. Pale akaachia upande wake na kurudi zake.

Ana haki. Hata mbele ya madhabahu nilijitafutia neno laini la kujifichia. Sikusema nilidanganya. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Nimeanza barua pepe ya kwenda kwa yule mama wa Kijerumani mara tatu tangu nikae hapa. Ya kwanza nilianza na hali ya hewa. Ya pili nilianza na kwamba Kiswahili cha mzee yule kilikuwa kizito. Nimezifuta zote mbili. Ya tatu ina mistari mitano na neno lenyewe liko kwenye mstari wa kwanza. Nimeituma kabla ya kuandika haya, kwa sababu najijua: ningeandika haya kwanza, ningejiona nimeshatubu.

Bosi bado hajui. Kuna wageni wanne Jumanne. Watashuka bondeni, watavua viatu, watapiga kelele maji yakiwagusa, na wataniuliza mahali hapa pana hadithi gani. Sijui nitasema nini. Labda nitasema ni maji, na yanatoka Meru, na ni mazuri hivi kila siku, yawe na mtu wa kuyaona au yasiwe. Elifuraha si wa kuwapa wageni. Nikitaka kumtaja nitamwomba mama yake ruhusa kwanza, na nadhani atakataa.

Jumapili nitasimama tena kanisani. Nitalisema lile neno, na nitalisema polepole mpaka walioketi mlangoni walisikie.