Shaba Isiyolia Majini

Kaka Sadiki, shikamoo kutoka Kolwezi, penye vumbi jekundu. Wewe mchomeleaji, nieleweshe nilichokiona leo.

Mama Ngalula, mjane wa mfanyakazi wa tanuri la shaba, alileta msalaba wa shaba kwenye karakana ya chuo ninachosoma, uandikwe kwa leza jina la mumewe, Kazadi, ausimike kaburini leo hii. Fundi alipomaliza, aliuinua kwa mikono mitupu.

“Acha, tata! Utaungua!” Mama akapiga kelele, akimwita baba kwa heshima ya huku.

“Mama, iko baridi.”

Mama akauzamisha kwenye beseni la maji alilokuja nalo ili kuupoza. Maji hayakutoa hata mlio.

“Shaba ya kuyeyuka inaliaka mu maji. Hii haikulia. Jina itatoka na mvua ya kwanza!”

Fundi alieleza kuwa mwanga wa leza hupiga kwa kitambo kifupi mno, kiasi kwamba ngozi ya juu ya shaba huyeyuka na kuganda kabla joto halijashuka ndani. Niliandika yote, sikuelewa hata nusu. Mama akachota mchanga, akalisugua jina kwa nguvu zote. Likazidi kung'aa.

“Mi sijue moto ilipita wapi,” akauambia msalaba. “Kazadi, twende.”

Nisalimie shemeji, na ufunike macho ukichomelea.

Mdogo wako,
Rehema