Kwa Babu Tokuji, Uliyenipa Jina la Mavuno

Mwaka umetimia, Babu Tokuji Igarashi, tangu asubuhi ile ya Aprili uliporudi kutoka kukagua mifereji ya maji, ukavua mabuti, ukajilaza kidogo kabla ya kifungua kinywa. Hukuamka tena.

Oktoba tulivuna mpunga wa kwanza bila mkono wako. Bibi Fusae aliweka bakuli la wali mpya mbele ya picha yako, pamoja na figili za chumvi. Baba ndiye aliyezitengeneza. Amejitahidi, lakini si zako.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa magugu. Jirani aliyeugua msimu wa kupanda alikuta miche yake imeshasimama kwenye matope, na aliyeipanda hayupo wa kushukuriwa.

Mimi nilizaliwa mwaka ambao kiangazi kilikuwa cha baridi, masuke yakasimama wima, matupu. Siku ya saba, kama ilivyo desturi, ulisaga wino, ukaandika jina langu kwa brashi na kulibandika ukutani: Minoru, yaani nafaka kuiva, suke kujaa punje. Bibi anasema jirani yetu Mzee Honma alicheka mpaka akamwaga pombe yake. "Tokuji, shamba zima pumba tupu, nawe unamwita mtoto mavuno?"

Ukamjibu, "Mwaka wa neema jina hili lingekuwa pambo tu. Mwaka huu lina kazi."

Nami nikalionea haya. Shuleni walisema ni jina la kizee. Nilipojifunza kutunga mashairi peke yangu, niliyatuma kwa gazeti hili nikijiita Ren, nisikike kama mtu wa mjini. Ulijua naandika, hukujua kwa jina gani. Kila Jumatatu ulishika kioo chako cha kukuzia, ukaipitia safu ya mashairi jina kwa jina. Bibi alikutania kwamba utamaliza macho kwa kumtafuta mjukuu asiyekuwemo. Ukasema nipewe muda.

Mwezi mmoja kabla hujatuacha ulisoma mezani, kwa sauti, shairi kuhusu mifereji iliyoganda. Ukalirudia. "Huyu Ren amekanyaga tope kweli," ukasema. Kisha ukanigeukia. "Na wewe, Minoru, lini?"

Nikainamia bakuli langu. Kusema lilikuwa langu kungekuwa kukiri kwamba nimelitupa jina lako, na kiburi changu hakikukubali.

Lilikuwa langu, Babu. Hakuna Ren. Ile karatasi ya siku ya saba tuliikuta kwenye droo yako, imekunjwa mara nne. Sasa iko ukutani tena, juu ya meza ninayoandikia. Kila shairi nitakalotuma kuanzia leo litabeba jina hilo, na atakayecheka acheke.

Unakumbukwa na mkeo Fusae, mwanao Kazunari na mkewe Shinobu, na mjukuu wako Chinatsu. Kila mpunga ukiiva, tutakukumbuka.

Na mimi niliyeandika haya,
Minoru Igarashi.