Mgongo wa Baba

Gongoni, Tabora
Agosti, baada ya Nanenane

Kaka yangu Tobias,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima wewe, shemeji Recheli na watoto, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua tangu Pasaka kiwe kimekuachia. Huku kwetu Baba anaendelea vizuri. Mkono wa kulia bado mzito, lakini mguu umeanza kumtii, na asubuhi anatoka mwenyewe na mkongojo wake mpaka barazani kuota jua. Maneno nayo yananyooka, ingawa akichoka yanakwama. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Moyo ndio hauna afya, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwa simu ungenikatia kabla sijamaliza, na ungekuwa na haki. Barua hii nampa Revocatus, anayekuja huko Kigoma na treni. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Najua Shangazi Eustadia alikupigia siku ileile ya maonyesho. Aliyokuambia ni kweli, ila hakuyajua yote. Acha nianzie mwanzo.

Unakumbuka nilivyomaliza chuo cha ualimu nikakaa bila kupangiwa shule, mpaka watu wa kwetu Bukene wakaniita mwalimu wa hewa. Mwaka jana ilifunguliwa ofisi hapa mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na msimamizi wake ni dada mmoja anaitwa Najiat, mzaliwa wa hapahapa Tabora. Alitueleza kwamba roboti za siku hizi zimefika mbali. Zina mikono yenye vidole vinavyokunjika, zina macho ya kamera, nyingine zinatembea kwa miguu miwili na zikisukumwa hazianguki. Lakini ukiipa roboti sufuria chafu, haijui ianzie wapi. Inabidi iwatazame wanadamu wakifanya, tena na tena, maelfu ya mara, ndipo na yenyewe ijaribu. Basi tukavalishwa kamera ndogo kwenye paji la uso, kwa mkanda kama wa taa ya wachimba madini, tukaambiwa tufanye kazi za nyumbani kama kawaida. Nikakunja mashuka. Nikaosha vyombo, nikamenya mihogo, nikachambua maharage, na picha zote zikaenda ng'ambo zinakotengenezwa hizo roboti.

Majirani walinicheka, mwanamume mzima kufua huku kapachikwa jicho la tatu. Baba hakucheka. Kila jioni alinidai habari za wanafunzi wangu wa chuma. Siku moja akauliza kama zinajua kuamkia. Nikamwambia bado. Akasema basi nimeanza vibaya, nizifundishe salamu yetu ya "mwangaluka" kwanza, vyombo vitasubiri. Hapo ndipo alipocheka, mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea. Kaka, tangu apatwe na kiharusi sikuwa nimemsikia akicheka.

Mwezi wa tano Najiat alituita akatuambia picha za vyombo na nguo zimetosha. Sasa zilitakiwa kazi za kuuguza: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumvalisha, kumlisha, kumwogesha. Alisema kuna nchi ambazo wazee wamekuwa wengi na wa kuwatunza hawapo, na roboti ndizo zinazotazamiwa kuwainua vitandani. Asiye na mgonjwa nyumbani angepumzishwa. Akaongeza kwamba mgonjwa lazima akubali mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya kamera, na kwamba uso wake utafunikwa asitambulike. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi, maana habari za Baba alikuwa anazijua.

Wiki ileile nikampelekea picha za Baba akiogeshwa, pamoja na sauti yake akisema, "Nakubali."

Zilipendwa. Najiat alisema watu wa ng'ambo wamesifu mikono yangu, jinsi ninavyomtangulizia mgonjwa kiganja begani kabla ya kumwinua ili asishtuke. Nikafanywa kiongozi wa wenzangu. Mwalimu wa hewa akapata watu wa kufundisha! Siku zile nilikuwa natembea mjini kifua mbele, na hilo nalo likinijia sasa natamani ardhi ipasuke.

Ikafika Nanenane. Kampuni ilikuwa na banda pale Ipuli, na roboti yenyewe ililetwa: kiwiliwili chenye mikono miwili, juu ya magurudumu. Ilikunja shati polepole kama bibi harusi anayetazamwa na mama mkwe, na watu wakapiga vigelegele. Halafu ikaletewa kitanda chenye mwanasesere mkubwa kama mtu. Ikapitisha mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya magoti, ikamkalisha. Kando yake kulikuwa na televisheni kubwa ya kuonyesha ilikojifunzia. Mimi nilikuwa mbele, nimevaa fulana ya kampuni, nawaeleza watu. Na Baba nilikuwa nimemleta kwa bajaji, nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki mstari wa kwanza, kwa sababu alitaka kuwaona wanafunzi wangu.

Picha zitakazoonyeshwa sikuzijua. Naapa hilo sikulijua. Ghafla ukatokea mgongo wa Baba, umejaa kioo kizima. Uso walikuwa wameufunika kwa ukungu, lakini lile kovu la moto alilolipata stesheni ya Bukene, kutoka begani mpaka kiunoni, nani wa kwetu ambaye hajasimuliwa? Na sauti ilikuwa yake, ule wimbo wa kanisani anaoimba maji yakimgusa. Shangazi Eustadia alikuja na asali ya kikundi chao, akawa amesimama nyuma kabisa. Alisema kwa nguvu, "Jamani, huyu si Gerson?" Watu wakaondoa macho kwenye televisheni wakayageuzia kwenye kiti.

Baba alitazama kioo kwa muda. Alichukua koti lake kwa mkono wa kushoto akawa analivuta lifunike kifua, nalo likawa linamponyoka, analivuta tena. Na mimi, kaka, mtu wa kusifiwa mikono, nilisimama palepale na kipaza sauti nisimsaidie. Alikuja mama mmoja nisiyemjua akamfunika kwa kanga yake.

Jioni ulipiga simu. Baba hawezi kuishikilia vizuri, nikaifungulia sauti nikaiweka mezani, kwa hiyo niliyasikia yote. Ulimuuliza kama ni kweli alikubali kuvuliwa nguo mbele ya dunia. Akasema, "Nilikubali." Ukasema basi ametuvua nguo sisi sote, na kama uzee ndio huo, humfahamu tena. Ukakata. Tangu siku hiyo hujampigia, na yeye kila simu ikilia anainua kichwa.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya niandike.

Baba hakukubali. Hakuulizwa. Asubuhi ile nilimkalisha kwenye kigoda bafuni, nikamwambia, "Baba, maji tayari, nikuogeshe, unakubali?" Alidhani namtania, nimejifanya karani wa mahakama. Akacheka, akajibu kama shahidi kizimbani, "Nakubali." Nilikata swali nikabakiza jibu. Kamera ilikuwa kwenye paji langu la uso. Nilimwambia imezimwa, nimesahau tu kuivua, na ile taa yake ndogo ya kijani nilikuwa nimeiziba kwa plasta. Sikumuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Wewe ni mkubwa kwangu, unamjua zaidi: mtu ambaye hata kuni alizipasua akiwa na shati, aliyetuambia kwamba mwili wa mwanamume huonwa na mkewe, daktari, na watakaomwosha akifa.

Ulipokata simu nilimuuliza kwa nini amesema vile. Alichukua muda kuyapanga maneno. "Mimi mzee, aibu yangu fupi," alisema. "Yako ingekuwa ndefu." Akanikataza nisikuambie. Kwa hiyo hata sasa ninapoandika namwasi.

Kesho yake nilikwenda kwa Najiat nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza kama baba yangu ana mwingine wa kumuuguza. Kisha akaiondoa picha ile na kuwaandikia wa ng'ambo wafute zote. Lakini hakunificha: picha zitafutwa, ila kile ambacho roboti imeshajifunza kutoka kwenye picha hizo hakuna wa kukichambua na kukitoa, ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi. Akaniambia nisirudi kazini. Basi huko duniani, siku moja, mzee fulani atatanguliziwa kiganja begani na mashine, naye hatajua kwamba upole huo uliibwa.

Tangu Nanenane Baba hataki nimwogeshe. Anaingia bafuni na mkongojo wake, anafunga mlango, anajimwagia kwa mkono wa kushoto. Mimi nakaa nje ya mlango, nikihofia asiteleze. Nasikia maji tu. Haimbi tena. Akitoka ananishukuru kwa kumchotea maji, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni, na hiyo ndiyo adhabu yangu.

Mgongo wake haufikii, kaka. Juzi nilimuuliza kama nimwite Kornel, jirani yetu, kijana mstaarabu, amsugue. Akakataa. Akasema, "Namngoja Tobias."

Njoo. Sikuombi unisamehe, wala usinipigie mimi. Mpigie yeye kwanza, mchana, baada ya chakula, ndipo ulimi wake unapokuwa mwepesi. Usimwambie nimekuandikia, au mwambie, utakavyoona wewe. Ukifika mlango utaukuta wazi, na mimi nitatoka niende nitakakotumwa.

Shemeji Recheli mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu kwa niaba ya babu yao, ambaye anawataja kwa majina kila akisali. Shangazi Eustadia nitamwendea mwenyewe Bukene Jumapili, nimwambie nilichokuambia, na baada ya ibada niwaambie na wengine. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako, niliyekosa,

Amon