Mkwe Mgongoni kwa Baba

Leonsia weee! Nimejifungia chumbani nacheka mpaka mbavu zinauma 😂😂

Si unajua baba amekuja kutoka Bukoba kumwona Machibya kabla hajakubali posa? Leo tukampeleka kwenye ile ghuba yenye majabali, aone pimbi na ndege.

Njia nzima mchumba wangu anajisifu. Eti kwao Usukumani hawaogopi nyoka, eti babu yake alikuwa anacheza ngoma na chatu shingoni. Baba anaitikia tu, “Mmh.”

Tumekaa juu ya jiwe tunakula sato, kenge akatokea kwenye ufa wa jiwe kufuata mifupa ya samaki. Kenge tu, Leonsia!

Machibya akamrukia baba mgongoni. MGONGONI! Kamkumbatia shingo kama mtoto, sato bado mkononi.

Kenge kaondoka zake, yeye hashuki. Halafu kwa aibu, akiwa bado huko huko juu, akasema, “Shikamoo baba.”

Na baba akaitika! “Marahaba.”

Nikajua posa ndiyo basi. Tumerudi nyumbani Butimba.

Sasa hivi baba kaniita: “Mwambie alete washenga. Ila siku ya harusi, huyo chatu nitacheza naye mimi.”