Maharage ya Shemeji Roger

Fizi, tarehe 17 Septemba 2000

Kwa Yaya Félicité, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Roger na watoto. Barua yako nimeipata juma lililopita kwa Mama Sumaya, yule mfanyabiashara wa Baraka anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Tumefurahi kusikia kwamba Tania amepona homa na kwamba hapo kambini Lugufu mmepata turubai jipya. Sisi huku tu wazima. Mama analalamikia magoti, lakini bado analima na hataki kusaidiwa.

Shule ilifunguliwa tena. Mabati yaliibwa, tumeezeka nyasi. Nimepewa biolojia, na kwa kuwa vitabu havipo, nafundisha yale niliyofundishwa na shemeji. Majuzi tulifunika miche ya maharage kwa beseni siku sita. Tulipofunua ilikuwa mirefu na ya manjano. Kesho yake, baada ya jua, ikawa kijani. Mwanafunzi mmoja, Bertin, aliuliza kijani kilikuwa kimejificha wapi. Nilimjibu kwamba hakikujificha, kilikuwa hakijatengenezwa. Ndani ya jani mna vyumba vidogo vya kijani, kloroplasti, na kila kimoja kina maagizo yake ya urithi. Lakini hakiyasomi ovyo. Mwanga ukifika, kiini cha seli hutuma wasaidizi, nao ndio wanaokionyesha agizo gani lisomwe na lini. Bertin alisema basi ni chumba chenye kitabu chake lakini msomaji anatoka nje. Shemeji angempenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unaandika kwamba shemeji hazungumzi kingine ila mbegu zake. Najua kwa nini. Miaka tisa alitunza ukoo mmoja wa maharage ambao majani yake ya kwanza hutoka meupe kama unga wa muhogo, na hukaa hivyo siku kumi na moja kabla ya kupata kijani. Aliamini kuna msaidizi mmoja kutoka kwenye kiini anayechelewa, akataka kumjua ni yupi. Siku mliyokimbia alinikabidhi madaftari mawili na kopo la maziwa lililojaa mbegu. Aliniambia daftari likipotea ataandika jingine, lakini mbegu hizo hazipo mahali pengine duniani.

Unasema profesa mmoja wa Morogoro amekubali kumpa nafasi katika maabara, na kwamba mwisho wa mwezi huu atapanda boti, ashuke Baraka, apande hadi hapa kuchukua kopo, kwa sababu mwaka jana niliwaandikia kwamba nimelifukia salama chini ya sakafu.

Yaya, asije. Mwezi uliopita watu watatu waliotoka ng'ambo walishushwa kwenye gari njiani kutoka Baraka. Waliambiwa ni wapelelezi kwa kuwa walikuwa na karatasi za kambi. Hawajaonekana tena. Na hapa hakuna cha kufuata. Kopo ni tupu.

Januari ya mwaka jana, vita vilipopanda huku, tulilala msituni siku ishirini na tatu: mimi, Mama, na jirani yetu Ketsia mwenye mtoto mchanga. Kopo nilikuwa nalo kiunoni, nimelifunga kwa kitenge. Muhogo uliisha. Maziwa ya Ketsia yakakauka, na mtoto akawa analia bila sauti, mdomo wazi tu. Mama alikuwa ameacha kula ili sisi tupate. Nikapika mbegu. Kumi niliziweka kando kwa ajili ya shemeji. Siku ya pili nikapika na zile kumi.

Mama aliniuliza, “Hii maharagi iko muzuri, ulitoa wapi?” Nikamwambia nimeyaokota katika shamba lililoachwa. Akamwombea mwenye shamba.

Mtoto wa Ketsia sasa anatembea. Sikuandikii hilo ili nipunguziwe lawama. Mliponiuliza habari za kopo, mlikuwa mmeshapoteza nyumba na kazi, na mimi niliona vita ni virefu, nikadhani swali litachoka lenyewe. Sikufikiri kwamba uongo wangu ungemtoa mtu mahali salama.

Madaftari yote mawili anayo Mama Sumaya pamoja na barua hii. Kurasa zilizolowa mvua nimezinakili upya, na pale nisipoweza kusoma tarakimu nimeacha wazi, sikubahatisha. Profesa ataona shemeji alipima nini, kila mwaka.

Msomee barua hii yote, usimfupishie. Akikasirika, mwache. Akisema labda sikujua thamani ya nilichokuwa nakipika, mwambie nilijua.

Mama anawasalimu sana na anawabusu watoto, hajui nilichoandika. Mungu awalinde hapo mlipo, na hapo hapo mbaki.

Ni mimi mdogo wako,
Anastasie